Basi linavuka mpaka kivyake, na wewe unavuka kivyako

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma lote, na kwa faida ya wengine nalifupisha hivi: umepata likizo, una begi la mgongoni na hela ya kubana, umeona basi la masaa kama thelathini linalounganisha nchi mbili na linafika mpakani usiku wa manane, halafu ukaanza kusoma watu wanavyolalamika, huyu kaachwa, yule kaombwa hela, mwingine kakaa kwenye baridi mpaka asubuhi, sasa unauliza uende tu au ukope hela upande ndege, na mpakani hasa huwa kunatokea nini maana hakuna anayeeleza hatua kwa hatua, wote wanaeleza machungu yao tu.

Jibu la haraka ni nenda na basi, ila hiyo tiketi usiinunue leo. Jibu refu ndo hili, kaa chini maana nitaongea.

Kitu ambacho wengi hawakielewi mpaka yawakute ni kwamba basi halikuvushi mpaka. Basi linakushusha geti la nchi ya kwanza na linakuja kukuchukua upande wa pili, hapo katikati unavuka mwenyewe kwa miguu yako na karatasi zako, na basi nalo linavuka kivyake na karatasi zake, bima yake, ukaguzi wake wa mizigo. Ni foleni mbili tofauti na kila moja ina mwendo wake. Karibu kila kilio ulichosoma kinatokea hapo hapo, aidha mtu kamaliza basi halijamaliza, au basi limemaliza yeye bado yuko dirishani anajaza fomu. Ndo maana safari ya namna hii mimi siipangi kuanzia stendi, naipanga kuanzia mpakani narudi nyuma.

Sasa anza na swali linaloonekana la kijinga: huo mpaka uko wazi? Usicheke. Mpaka wa Algeria na Morocco umefungwa toka 1994. Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa wasafiri 2020 kipindi cha korona, korona ikapita, mipaka ikaendelea kufungwa, kwa hiyo yule anayekusimulia alivyotoka Tbilisi kwenda Baku kwa barabara anakusimulia enzi nyingine. Juni 2025 Thailand ilifunga vivuko vyake na Kambodia kwa wasafiri, na pale Poipet ndo njia ambayo kila mwenye begi mgongoni alikuwa anapitia akitoka Bangkok kwenda Siem Reap. Ramani ya kwenye simu haijui haya mambo, yenyewe itakuchorea mstari wa bluu mpaka ng'ambo na kukwambia masaa saba. Tafuta taarifa za mwezi huu, na ikiwezekana piga simu kwa kampuni ya basi uulize gari la jana lilivuka saa ngapi, wakisitasita hapo ushapata jibu.

Ukishajua uko wazi, uliza unafunguliwa saa ngapi, maana mipaka mingi hailali wazi. Mfano mzuri ni basi la Hanoi, Vietnam, kwenda Vientiane, Laos, linalopita geti la Cau Treo, linaondoka Hanoi jioni, linapanda milima usiku, linafika getini kabla hakujakucha, halafu linapaki pale likisubiri ofisi zifunguliwe asubuhi. Watu wanaita safari ya masaa 24 ila sehemu ya hayo masaa mmekaa tu juu ya mlima kwenye baridi, injini imezimwa, na koti lako liko kwenye begi kubwa ndani ya buti ambayo dereva hafungui. Kampuni haijakudanganya, ratiba yenyewe ndo iko hivyo. Wewe ulitakiwa ukae na koti.

Alafu kuna hili la usiku wa manane ambalo kwako ni muhimu kuliko vyote. Tiketi ikiandikwa 00:30 hiyo ni saa sita na nusu usiku na tarehe ishageuka, kwa hiyo basi "la Ijumaa usiku" kwenye karatasi ni la Jumamosi, watu wanafika stendi wamechelewa siku nzima. Na mpakani tarehe ni kila kitu: viza yako ikianza tarehe 10 na basi likawahi likafika saa tano usiku wa tarehe 9, afisa hakufanyii huruma, utakaa hapo mpaka saa sita ipite, na basi halitakaa. Kinyume chake pia, kama siku zako za kukaa zinaisha tarehe 9 na foleni ikakufikisha dirishani saa sita na dakika tano, umeshazidisha siku, na faini utalipa wewe sio dereva aliyesimama kula masaa mawili. Acha nafasi ya siku mbili kila upande, usibane.

Kuhusu viza, usiulize "nchi fulani inataka viza?", uliza "geti fulani linapokea viza yangu?". Hayo ni maswali mawili. Vietnam toka Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, mpaka siku 90, lakini inapokelewa kwenye mageti yaliyo kwenye orodha yao tu, na geti unalichagua kabisa wakati wa kujaza fomu. Kwahiyo unaweza kuwa na viza halali mkononi na ukarudishwa kwa sababu basi limepita njia nyingine. Sehemu nyingine viza ya kulipia pale pale ipo uwanja wa ndege ila geti la barabarani hakuna. Jina la geti andika, lipo kwenye njia ya basi, kampuni wanalijua hata kama karani wa tiketi halijui.

Na siku zenyewe zinahesabiwa vipi, hapo wenye mabegi wanaumia sana. Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua wana makubaliano ya 2006, siku 90 zako ni za nchi zote nne kwa pamoja, kuvuka na basi kutoka moja kwenda nyingine hakuanzishi hesabu upya. Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Basi la Istanbul kwenda Sofia zamani lilikuwa linakuingiza Bulgaria yenye hesabu yake pekee, toka Machi 2024 siku za Bulgaria zinahesabiwa pamoja na za Schengen, na Januari 2025 imeingia Schengen hata kwa barabara, ina maana siku zinaanza kukatwa ukivuka tu geti la Kapitan Andreevo. Na toka Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso kwa wasio raia wa Ulaya, mara ya kwanza inachukua muda, sasa piga hesabu basi zima la watu wa mara ya kwanza.

Haya tiketi. Neno "moja kwa moja" lisikulevye. Muulize karani vitu vitatu na umuangalie usoni akijibu: ni basi lile lile pande zote mbili au tunabadilisha? Basi linasubiri abiria wa mwisho au lina muda wake? Nikiachwa, tiketi hii inanipandisha basi linalofuata? Hilo la mwisho wengi hawalijui kabisa. Kati ya Johor Bahru ya Malaysia na Singapore ni jambo la kawaida, mnashuka na mizigo yote kwenye kila kituo cha ukaguzi, na basi likiondoka unapanda linalofuata la kampuni hiyo hiyo kwa tiketi yako ile ile, hakuna anayelia. Tatizo linakuja kwa mtu aliyetupa tiketi baada ya kupanda. Kikaratasi hicho usikitupe mpaka umefika hotelini.

Na hapa niseme maoni yangu ambayo kampuni za mabasi hazitayapenda. Kama basi la moja kwa moja linavuka usiku, na mji wa mpakani una sehemu ya kulala, mimi ningevunja safari. Panda basi la ndani mpaka mji wa mwisho wa nchi ya kwanza, ufike jioni, ulale, asubuhi ofisi zikifunguliwa uvuke kwa miguu ukiwa umeoga na una akili timamu, upande wa pili utafute basi lingine la ndani. Mara nyingi jumla inatoka sawa au pungufu, na cha muhimu ni kwamba hakuna basi la kukuacha kwa sababu hakuna basi linalokusubiri. Unaweza kukaa dirishani saa nzima ukijibizana na afisa kwa upole, nani anakuharakisha? Ila sio kila mahali, kuna mageti yako porini hayana hata kibanda, na kuna mengine kati ya ofisi moja na nyingine ni kilomita kadhaa za jangwa au mlima, hapo kaa na basi lako.

Ukiamua kukaa na basi lako, jipange kimizigo. Begi kubwa linaenda kwenye buti, lile dogo linakaa mwilini muda wote, hata ukishuka dakika mbili kuchimba dawa unashuka nalo. Ndani yake weka paspoti, tiketi, viza iliyochapishwa (usitegemee simu, chaji itaisha saa unayoihitaji), anwani ya mahali utakapolala iliyoandikwa kwa herufi za huko, picha ndogo za paspoti kama nne, kalamu yako mwenyewe, koti, maji, karatasi ya chooni, dawa zako, na hela uliyoigawa sehemu mbili. Kalamu watu wanaidharau, ila fikiria mko arobaini na kalamu ya dirishani imefungwa kwa kamba na haiandiki. Begi kubwa lipige picha, na kikaratasi cha namba ulichopewa kipige picha. Kabla hujaondoka kwenye basi pale mpakani piga picha namba ya gari na sura ya konda. Usiku kwenye uwanja wa mpakani kuna mabasi nane ya rangi moja yote yanaunguruma, lako limehamishwa lilipokuwa, hujui lugha, utaanza kukimbia huku na huku kama kuku. Ukimuonyesha mtu picha ya namba ya gari anakunyooshea kidole tu, lugha haihitajiki.

Fomu za mtandaoni zijaze kabla hujapanda. Singapore na Malaysia zote zina kadi ya kuingilia ya mtandaoni, unaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, na kuna tovuti za ujanja zinazotoza hela kwa hiyo hiyo ya bure. Mpakani mtandao wa nchi ya kwanza umekata na wa pili hujaununua. Skrinshoti zote weka.

Sasa mpakani kwenyewe, twende taratibu. Nachukua Kasani, kati ya Peru na Bolivia, njia ya Puno kwenda Copacabana, kwa sababu pale kila hatua inaonekana kwa macho. Basi linasimama upande wa Peru. Konda anaongea maneno mengi kwa haraka, wewe unachotakiwa kushika ni sehemu moja tu, atakutana na nyie wapi. Mnashuka, mnapanga foleni ofisi ya uhamiaji ya Peru, unagongewa muhuri wa kutoka. Umetoka Peru kisheria ila bado umesimama Peru. Mbele yako kuna kipande cha barabara kinapanda kidogo, unatembea na kibegi chako na pumzi inakatika maana mko mita zaidi ya 3,800, unapita chini ya tao la mawe, wachuuzi huku na huku, mama mmoja anabadilisha hela kwenye kiti cha plastiki. Basi lako linakupita taratibu likiwa tupu, hapo ndo mtu wa mara ya kwanza roho inamlipuka. Usikimbie. Upande wa pili ofisi ya Bolivia, foleni tena, muhuri wa kuingia, halafu sogeza saa mbele saa moja kwa sababu Bolivia iko mbele ya Peru. Basi liko pale limepaki. Ukiendelea mpaka La Paz utakutana na kituko kingine, mlango mwembamba wa ziwa Titicaca pale Tiquina, abiria mnashushwa mnavuka na boti ndogo mkilipa wenyewe, na basi linapakiwa peke yake kwenye jahazi la mbao lililo bapa, unaliona likiyumba katikati ya ziwa na begi lako ndani. Wengi wanadhani wametapeliwa. Hapana, ndo njia ilivyo.

Kwa hiyo pale wanapogonga, mihuri ni miwili, wa kutoka na wa kuingia, na wa kutoka ndo unaosahaulika kwa sababu hakuna anayekulazimisha. Nenda Sunauli kati ya India na Nepal uone. Wahindi na Wanepali wanapita bila viza, umati unatiririka, ofisi ya uhamiaji ya India iko pembeni ya barabara kati ya maduka, unaweza kuipita na ukajikuta Nepal bila kujua. Upande wa Nepal wanatafuta muhuri wa India kwenye paspoti hawauoni, unarudishwa, na basi la upande wa pili ndo linaondoka. (Saa ya Nepal iko mbele ya India kwa dakika 15, sio saa, dakika 15, sijawahi kuchoka kulishangaa hilo.) Geti lolote lile, kabla hujatembea hatua moja mbele uliza uhamiaji wa kutoka uko wapi. Na ukishagongewa usiondoke dirishani, soma muhuri pale pale, tarehe ni ya leo? siku ulizopewa ni ulizoomba? Kosa la afisa likisahihishwa pale ni sekunde kumi, ukija kuligundua wiki mbili baadaye ni kosa lako.

Kuna mabasi konda anapita anakusanya paspoti zote anazipeleka mwenyewe. Hili linatisha ila sehemu nyingine ni utaratibu wa kawaida, ukigoma peke yako unachelewesha basi zima na wote watakuchukia. Toa, ila inuka umfuate kwa macho mpaka dirishani, na ikirudi ifungue uangalie muhuri kabla hajahamia kwa mwingine. Akikusanya na hela pamoja na paspoti, hapo uliza kwa sauti ya kawaida ni hela ya nini na risiti inatoka wapi. Ukisikia "kila mtu ametoa" waangalie wenyeji wanatoa kiasi gani.

Vishoka ndo watakaokuchosha kuliko maafisa. Atakuja kijana nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ameshika fomu, anakwambia foleni imefungwa, au viza huku hakuna, au anakupeleka ofisi yenye bendera ambayo sio ofisi. Njia ya Poipet ilikuwa maarufu kwa hilo, mabasi yanasimamishwa kabla ya mpaka kwenye ofisi za uongo mnauziwa viza kwa bei ya juu huku dirisha halisi liko mbele tu. Kanuni yangu ni fupi: fomu ni bure, na afisa hakufuati barabarani, wewe ndo unamfuata. Mjibu kwa adabu, usisimame, usimpe paspoti hata aangalie tu.

Afisa wa kweli akitaka kitu kidogo hapo ni kazi nyingine. Usipandishe sauti, usimtuhumu, usitoe simu kumrekodi. Omba risiti, sema hujaelewa, rudia swali, tabasamu, kaa. Anachotegemea yeye ni haraka yako, anajua basi linapiga honi nje, na wewe ukionekana huna haraka mara nyingi anachoka kabla yako. Ndo uone kwanini nakwambia kuvunja safari kunasaidia, honi ya basi ndo inayomfanya mtu atoe dola ishirini.

Hela: dola ndogo ndogo safi zisizochanika wala kuandikwa kalamu, na ukijua ada weka kiasi kamili. Nepal kwa mfano pale mpakani ni dola 30 kwa siku 15, 50 kwa siku 30, 125 kwa siku 90, sasa ukitoa noti ya mia kwa viza ya 30 chenji utaipata kwa maombi. Wabadilisha hela wa barabarani badilisha cha kukufikisha usiku wa kwanza tu, hesabu kwa simu yako sio kwa kikokotoo chake, na noti ukishazihesabu zisirudi mkononi kwake hata kwa sekunde moja, mchezo wote unafanyika pale anaposema ngoja nihakikishe.

Forodha watapekua, usichukulie kibinafsi. Chile ndo nawajua wakali kwa upande wa vyakula, tunda bichi, nyama, asali, mbegu, kila kitu kinapita kwenye skana na mbwa wananusa, na ukitia alama ya "sina" kwenye fomu halafu wakakuta chungwa moja umelisahau chini ya begi ni faini. Ukitia "ninacho" wanakunyang'anya tu chungwa mnaachana kwa amani. Kwa hiyo ukiwa na shaka tangaza. Singapore ilipiga marufuku kuingiza bazoka, hizi za kutafuna, 1992. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol nchi nyingine zinahesabiwa kama madawa ya kulevya, zibaki kwenye boksi lake na karatasi ya daktari. Na jirani yako wa siti akikuomba umshikie kifurushi wakati wa kuvuka, hata awe bibi wa watu mwenye sura ya huruma, jibu ni hapana, na simama mbali naye kwenye foleni. Kadi ya homa ya manjano kama unakoenda wanaidai chanja mapema, inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na toka Julai 2016 ukichanja mara moja ni ya maisha.

Mwili sasa, hapa napita haraka. Siti ya katikati ya basi, mbele ya tairi za nyuma, hapo pana mtikisiko mdogo, na mbali na choo kama kipo maana baada ya masaa kumi utaelewa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kona hazijaanza, sio ukishaanza kutapika. Usijinyime maji eti usibanwe, kunywa kidogo kidogo na kila basi likisimama shuka, hata kama hujisikii. WHO 2007 walisema safari ya kukaa masaa manne au zaidi bila kujongea inaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni, kwa mtu mwenye afya bado ni kama mmoja kati ya 6,000, ila wewe ni masaa thelathini, inuka utembee. Na njia ikiwa ya milimani angalia unapanda kwa kasi gani. Basi la Arica, Chile, kwenda La Paz linatoka usawa wa bahari na kabla ya siku kuisha mko mpakani Tambo Quemado, zaidi ya mita 4,500, na pale ndo mnasimamishwa foleni mkiwa na kichwa kinagonga. Hakuna pombe, hakuna vidonge vya usingizi, tembea kama mzee.

Msimu usiusahau. Kivuko cha Los Libertadores kati ya Santiago ya Chile na Mendoza ya Argentina kiko kama mita 3,200, theluji ikishuka kipindi cha baridi kinafungwa, wakati mwingine siku kadhaa, na mabasi yote yanasubiri. Beitbridge kati ya Afrika Kusini na Zimbabwe wiki ya Krismasi na Pasaka ni kilomita za magari. Tiketi ile ile, barabara ile ile, wiki tofauti, safari tofauti kabisa.

Na ukiachwa je? Kwanza hakikisha kweli umeachwa, nusu ya wanaosema wameachwa basi lilikuwa limesogezwa eneo la kupakia. Onyesha picha ya namba ya gari kwa madereva wengine sio kwa wapita njia, madereva wanajuana na wana namba za simu. Likiwa limeondoka kweli nenda kwa basi linalofuata la kampuni hiyo na tiketi yako, konda atalalamika ila mara nyingi atakupakia, na muombe ampigie mwenzake begi lako lishushwe ofisini mwisho wa safari. Ndo uone kwanini kile kibegi kidogo nilikwambia hakitoki mwilini.

Ndege ningekushauri kwa sababu tatu tu: geti halipokei viza yako, pana vurugu upande wowote wa mpaka mwezi huu, au una miadi ambayo huwezi kuikosa siku unayofika, maana basi la masaa thelathini linaweza kuwa la arobaini na hakuna wa kumshtaki. Ugumu wa siti, honi na choo sio sababu. Sasa nitumie jina la geti, paspoti yako ni ya nchi gani na tarehe viza inapoanza, tuone kama hilo basi la usiku linakufaa au tulivunje katikati.